Kamba ya Roza na Malkia

Skimu ya Lugari
7 Machi 1965

Cleophas ndugu yangu,

Salamu zikukute huko Shirere ukiwa na tai shingoni, maana naambiwa makarani wa serikali mpya hawatoki nje bila tai, hata wakienda kuchota maji. Sisi tu wazima, isipokuwa mume wangu Mukhwana. Ile homa yake imerudi. Inakuja, inamlowesha jasho, inaondoka, na ikishaondoka anashindwa kunyanyua jembe kwa jinsi viungo vinavyomuuma. Mama mkwe anamtibu kwa maziwa ya vuguvugu yaliyotoka kwenye kiwele sasa hivi. Hataki yaguse moto kabisa. Anasema ukichemsha maziwa, chuchu za ng'ombe zinakauka.

Sasa kaa chini nikupe habari. Baba mkwe analipa mahari yangu.

Unajua nilivyoolewa: mbuzi, blanketi la Mama, na ahadi. Mzee Masinde alikuwa mchungaji wa Mzungu, na Mzungu hakutaka mfanyakazi afuge ng'ombe wake mwenyewe kwenye shamba lake. Leo Mzungu amekwenda kwao, sisi tuna ploti, na ng'ombe wale wale Mzee aliowachunga kwa fimbo ya mwingine amewanunua wakawa wake. Jana alisema deni la binti ya Shitanda linamchoma, na leo asubuhi mitamba wawili wameanza safari ya kwenda kwa baba yetu Butali. Ni Roza, yule mwekundu mwenye paji jeupe, na Malkia mweusi. Wote wana mimba. Mimi ndiye niliyewalisha, na nilipowaaga nililia kidogo, usimwambie mtu.

Nashangaa haraka yake tu. Miaka yote alikuwa kimya, na wiki hii, bwana mifugo Kiplagat alipomaliza kuwatoa damu ng'ombe wa skimu pale kwenye josho, ndipo deni linamchoma. Lakini sitaki kuuliza maswali ya kumfukuza mgeni mlangoni. Ng'ombe wa dada ndio wanaomletea kaka mke. Mwambie Musimbi wako aanze kushona gauni.

Dada yako,
Ayuma

Shirere, Kakamega
15 Machi 1965

Dada mpenzi,

Barua yako niliisoma nimesimama, kwa kuwa kiti cha ofisi hakikunitosha. Jumamosi nikapanda baiskeli hadi Butali. Roza na Malkia wamefika, na Baba anawazunguka kama mtu aliyeletewa motokaa. Majirani wote wamekuja kutazama ng'ombe wa gredi, wale wa Kizungu. Mmoja alimwuliza Baba kama wanaelewa Kiluhya.

Nikwambie ukweli, nilikuwa nimeanza kukata tamaa. Baba yake Musimbi ni mzee wa kanisa huko Mbale, na maneno yake ni mafupi: bila ng'ombe, binti hatoki. Musimbi mwenyewe hucheka, anasema angekuja hata na kuku, lakini yeye ni mwalimu wa shule ya msingi na walimu wamezoea kusema mambo ambayo wazee hawayasikii. Sasa tumepanga Agosti. Baba anataka ng'ombe wapumzike Butali mpaka mvua ipungue, ndipo tuwapeleke Umaragoli.

Mwambie Mzee Masinde ametutoa kwenye aibu. Mpe pole Mukhwana. Hiyo malaria yenu ya Lugari ina kiburi.

Nduguyo,
Cleophas

Skimu ya Lugari
11 Aprili 1965

Cleophas,

Soma barua hii mpaka mwisho kabla hujakasirika.

Majibu ya damu yametoka. Jana tuliitwa wote kwenye josho, na bwana Kiplagat akasimama juu ya pipa akataja ng'ombe wenye ugonjwa, boma kwa boma. Kwetu wametajwa watatu. Mmoja yuko hapa, yule mzee aliyetupa ndama mwaka jana. Wawili waliobaki ni Roza na Malkia. Bwana Kiplagat akauliza wako wapi. Baba mkwe akavua kofia, akasema kwa huzuni kwamba walikufa kwa ndigana, ile homa ya kupe. Watu wakampa pole. Akapokea pole zote, Cleophas, moja moja, kama mtu aliyefiwa kweli.

Hapo ndipo nilielewa kilichokuwa kinamchoma. Halikuwa deni. Alijua ng'ombe watakaoonekana na ugonjwa watachinjwa, akawahi kuwaficha. Na mahali pazuri pa kumficha ng'ombe ni kwa mkwe, kwa sababu hakuna mkwe anayechunguza ng'ombe wa mahari. Ukimchunguza umetukana ukoo.

Ugonjwa wenyewe unaitwa brusela. Ng'ombe haonyeshi kitu, ananenepa, anang'aa, halafu siku zake zikikaribia anatupa ndama. Mtu anaupata kwa kunywa maziwa mabichi, au kwa kushika ndama aliyetupwa na kondo lake kwa mikono mitupu. Bwana Kiplagat alieleza unavyomshika binadamu: homa inayokuja na kuondoka, jasho, viungo. Niligeuka nikamtazama Mukhwana, aliyekuwa ameegemea ukuta wa josho kwa kuwa hawezi kusimama sana. Naye alikuwa ananitazama mimi.

Nilinyamaza pale, kwa kuwa mke wa mwana hafungui mdomo mbele ya baba mkwe. Hapa sinyamazi. Hao ng'ombe wasitoke Butali. Baba asiwakamue, na wakitupa ndama asiwashike. Nitamwambia Kiplagat waliko.

Ayuma

Shirere
22 Aprili 1965

Dada,

Nimesoma mpaka mwisho na bado nimekasirika.

Ng'ombe wako mahali salama, wanakula vizuri, wamenenepa kuliko walivyokuja. Hebu niambie, ng'ombe mgonjwa hunenepa? Hapa mjini watu wanazungumza. Wazungu walitukataza kufuga, leo tumepata uhuru na ng'ombe zao, na mara tu tunapozishika anakuja mtu na sindano kutwambia tuzichinje. Wewe huoni ajabu?

Na hata kama ni kweli, fikiri kidogo. Ukimwendea Kiplagat, utakuwa umemwita baba mkwe wako mwongo mbele ya skimu nzima. Atakufukuza. Sababu anayo mkononi, unaijua, sipendi kuiandika: una miaka minne pale na hakuna mtoto. Watu wanasemanga. Ukifukuzwa, ng'ombe wanadaiwa. Ng'ombe wakidaiwa, mimi sina mke. Kwa hiyo ulimi wako mmoja utavunja nyumba mbili.

Nakuomba uvumilie mpaka Agosti tu. Baada ya harusi sema unalotaka.

Cleophas

Skimu ya Lugari
2 Mei 1965

Karani wa serikali,

Nilikwambia wasitoke Butali, umenijibu "mahali salama". Mimi sikusoma kama wewe, lakini najua mtu anayezunguka shimo. Umeshawapeleka kwa kina Musimbi. Hukungoja mvua wala hukuningoja mimi. Kiplagat bado sijamwambia, maana ningemtuma Butali bure.

Na kwa kuwa umelitaja tumbo langu, tulitaje sawasawa. Mimi si tasa. Nimebeba mimba mara mbili katika nyumba hii, na mara mbili imetoka ikiwa imeshaanza kucheza. Sikukuandikia kwa sababu nilitiwa aibu nami nikaikubali. Mama mkwe alisema nina mkosi, na mwaka ule yule ng'ombe mzee alipotupa ndama wake akasema mkosi wangu umeingia hata zizini. Nilikubali, Cleophas. Nilikuwa nikipita karibu na zizi nageuza uso nisiwatazame wenye mimba.

Juma lililopita nilimkokota Mukhwana hadi hospitali ya misheni. Damu yake ina brusela. Nikanyoosha na mkono wangu wakanitoa yangu. Nami ninayo. Nikamwuliza daktari kuhusu watoto wangu. Hakuapa, alisema inawezekana sana. Inanitosha. Yule ng'ombe sikumletea mkosi, huenda yeye ndiye aliyeniletea maradhi, na wote wawili tulisingiziwa. Sasa tunachomwa sindano, tena tunapewa vidonge vya majuma mengi, na Mukhwana ameanza kunyanyua jembe.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Mimi nimeficha miaka minne na sikuzaa. Basi.

Unasema nitavunja nyumba mbili. Nyumba inayosimama kwa kumnywesha mama wa Musimbi ugonjwa, acha ivunjike. Kwa kuwa wewe hutamwambia, namwandikia mwenyewe leo hii. Barua zote mbili naziposti pamoja, kwa hiyo usijisumbue kukimbia.

Ayuma

Skimu ya Lugari
2 Mei 1965

Kwa mulamwa wangu, wifi Musimbi,

Hatujaonana, na haifai dada wa bwana harusi kumwandikia bibi harusi habari za mahari. Naandika hivyo hivyo.

Ng'ombe mliopewa ni wagonjwa. Wametoka katika boma nililoolewa, na hapa wameugua mume wangu na mimi. Ugonjwa huu unapita katika maziwa mabichi na katika ndama anayetupwa. Chemsheni maziwa mpaka yainuke kwenye sufuria. Ng'ombe akizaa au akitupa, mtu asimshike kwa mikono mitupu, na kondo asipewe mbwa. Fukieni chini sana. Wapelekeni kwa bwana mifugo Kakamega.

Si kwamba hatukutaki. Tunakutaka, ndiyo maana nakwambia.

Ayuma binti Shitanda

Mbale, Umaragoli
19 Mei 1965

Mulamwa Ayuma,

Barua yako ilifika nikiwa darasani, nikawapa watoto hesabu ndefu ili nipate kuisoma mara ya pili.

Ng'ombe walikuja kabla ya Pasaka. Cleophas aliwaleta mwenyewe, akiwa na tai, na Baba akachinja jogoo. Wewe ni mtu wa Lugari, una nafasi, pengine hujui sisi tunavyoishi. Shamba letu ukitema mate yanaangukia kwa jirani. Ng'ombe wanalala ndani ya nyumba pamoja nasi, upande wa pili wa ukuta wa fito. Tumekuwa tukiwasikia wakipumua.

Roza alitupa ndama siku moja kabla ya barua yako. Mama ndiye aliyemvuta, kwa mikono yake, mpaka kwenye viwiko. Halafu akamkamua, na maziwa ya kwanza akampa nyanya, kwa heshima, mabichi.

Nilikaa nje nikalia. Kisha nikaingia nikamwambia Baba kila kitu. Alinisikiliza mpaka mwisho, huyo ni mtu wa haki kwa kawaida. Akasema ng'ombe wa mahari harudi alikotoka isipokuwa msichana amekataliwa. Nikamwambia hawarudi walikotoka, wanakwenda kwa bwana mifugo. Akasema kwa macho ya watu ni barabara ile ile. Wanaume wa ukoo hawatawagusa, na mimi ndiyo kabisa nisithubutu, kwa sababu hapa kwetu msichana akishika kamba ya ng'ombe wa mahari yake na kuwatoa nje ya boma, amejikataa mwenyewe. Hakuna atakayemwoa, si Cleophas wala mwingine. Nilimwandikia Cleophas aje awachukue yeye. Amenijibu kuhusu bei ya gauni.

Maziwa ya nyumba hii sasa nachemsha mimi. Mama ananitazama kama mtu anayechoma pesa, lakini ananiacha. Nyanya anasema yamekuwa na ladha ya moshi, na anakunywa.

Habari ya kamba niachie mimi.

Musimbi

Shirere
3 Juni 1965

Dada Ayuma,

Sijui nianzie wapi, kwa hiyo nitaanzia dirishani.

Juma lililopita nilikuwa ofisini napiga chapa. Nikasikia makarani wenzangu wanacheka, wakaniita nije nione kichekesho: mwanamke amevaa viatu vya shule na sweta la ualimu, anawaongoza ng'ombe wawili katikati ya barabara kuu, kamba moja kila mkono. Mmoja mwekundu mwenye paji jeupe. Sikuhitaji kutazama wa pili.

Alikuwa ametoka kwao alfajiri. Amepita vituo vyote vya barabarani, kina mama wamesimama na vikapu wanamtazama, na kila aliyemwuliza alimjibu vile vile: ni ng'ombe wa mahari yangu, ni wagonjwa, nawapeleka kwa bwana mifugo. Hakujificha hata kwa mmoja. Watu wa kanisa la baba yake walikuwa barabarani pia. Sasa Umaragoli nzima inajua kwamba Musimbi amejikataa.

Wenzangu wanajua nachumbia Mbale. Mmoja wao akasema, "Cleophas, si huyo ni wako? Naona amekurudishia." Ofisi nzima ikacheka, na mimi nilicheka pamoja nao. Nilicheka, dada. Nakwambia kwa sababu hata usiponiuliza utajua.

Halafu Malkia akakataa kwenda. Aliona lori, akarudi nyuma, mimba yake ile kubwa, akamvuta Musimbi mpaka akapiga goti kwenye lami. Hakuna aliyetoka kumsaidia. Wanaume wa Kakamega, wote tuna macho, walisimama kwenye veranda wakingoja kuona kama ataachia kamba. Hakuachia. Alisimama, goti linatoka damu, akamsemesha yule ng'ombe polepole kwa Kimaragoli.

Sikumbuki nilivyoshuka ngazi. Nilipomfikia hakuonyesha kushangaa wala kufurahi. Alisema, "Kama umekuja kunizuia, rudi kwenye mashine yako. Kama umekuja kunisaidia, shika huyu mweusi, ananivunja mkono."

Nikamshika mweusi.

Tulikwenda nao mpaka ofisi ya mifugo. Huko walitaka jina la mwenye ng'ombe. Mimi sikujua ni wa nani: Mzee Masinde, Baba, baba yake au mimi. Musimbi akasema waandike jina lake. Walichinjwa wote wawili kesho yake asubuhi. Bwana mkubwa wa ofisi alisema kwamba huko Mbale, ugonjwa ungeingia nyumba nyingine kabla ya mwaka kwisha, ng'ombe hawa wakitolewa mahari ya wadogo zake Musimbi wa kiume.

Nimempeleka mama yake hospitali. Alikuwa ameanza kutetemeka. Naye amechomwa sindano ya kwanza, na ametoa mkono bila kunitazama usoni, kama inavyompasa mkwe. Nilifurahi kwamba bado ananihesabu mkwe. Baba yake hataki kuniona. Nilikwenda na tai, akasema hazungumzi na tai. Musimbi amemwambia kwamba Agosti iko pale pale, kanisa liko pale pale, na asipomsindikiza atakwenda na nyanya yake, ambaye amekubali kwa sharti apewe chai ya maziwa, hata kama ni ya moshi.

Yale niliyoandika kuhusu tumbo lako, nilikuwa nimekuuza kwa ng'ombe wawili. Nisamehe ukiweza.

Nduguyo,
Cleophas

Skimu ya Lugari
20 Juni 1965

Cleophas,

Kusamehe nitakusamehe, lakini si kwa barua. Uje ulime.

Habari zilifika huku kabla ya zako. Mtu alitoka mnada wa Lubao akasema ng'ombe wa Masinde waliokufa kwa ndigana wameonekana wakitembea Kakamega. Skimu nzima ilicheka siku mbili. Bwana Kiplagat hakucheka. Sasa boma letu limefungwa, hakuna ng'ombe kuingia wala kutoka, na kila mmoja atatolewa damu tena.

Jumapili Mzee aliita wazee wa skimu. Alinisimamisha katikati, mimi peke yangu, na Mukhwana akaja akasimama nami bila kuitwa, kwa miguu yake mwenyewe. Mzee alisema barua zangu zimemvua nguo mbele ya serikali, sijamzalia mjukuu, na kwa hiyo anirudishe kwetu, baba yangu naye arudishe mitamba wawili.

Unajua huwa sitaji jina lake. Mke wa mwana hataji. Nililitaja.

Nikasema, "Masinde, ng'ombe wako wamechinjwa Kakamega. Uliwapeleka kwa watu ukijua. Wadai kwa wenye visu. Baba yangu hana ng'ombe wako, na mimi sina ng'ombe wako. Mahari yangu imekufa, kwa hiyo hakuna kamba inayonifunga katika boma hili. Mlango uko wazi na naujua. Nimebaki kwa sababu nataka kubaki, na huyu mume nimemchagua leo, mbele yenu, bure."

Mzee mmoja alisema hilo halijawahi kusikika. Mukhwana akamjibu kwamba sasa limesikika.

Mama mkwe alikuwa mlangoni siku hiyo yote. Sijui alifikiri nini, huyo hanitolei siri. Lakini jioni nilipoingia jikoni nilimkuta amekaa mbele ya moto na sufuria ya maziwa juu yake, mkono umeshika kijiko, anangoja. Nilipotaka kumsaidia akanisukuma.

"Niache," alisema. "Nataka kuyaona yakiinuka."

Ayuma